Butembo: Stajieri wa programu na dola zilizosemekana kupotea kwenye depo ya dawa

Mjini Butembo, jimbo la Kivu ya Kaskazini, bei za bidhaa nyingi zinatajwa kwa dola, lakini mteja anatoa franka za Kongo mfukoni. Katikati ya hizo pesa mbili kuna kiwango cha kubadilisha, na kiwango hicho hakilali pahali kilipoamkia. Kambiste wa barabarani wanakijua, akina mama wa sokoni wanakijua. Programu moja ya kompyuta, iliyouzwa kwa depo ya dawa katikati ya mji, haikukijua. Matokeo yake, mama anayeshika sanduku la pesa kwenye depo hiyo alikatwa mshahara kwa muda wa miezi miwili.

Aliyegundua kosa hilo ni mwanafunzi wa miaka 23, aliyekuwa akifanya staji kwenye kampuni ndogo iliyotengeneza programu hiyo. Alikubali kutueleza namna mambo yalivyopita. Majina yake, ya kampuni na ya depo hatuyaandike, kwa sababu watu wote hao wangali wakitumika pamoja mjini humu na mwanafunzi bado anasubiri kumaliza masomo yake.

Barua ya chuo na mashini yako mwenyewe

Kijana huyo anasoma jenie lojisiel, ndiyo kusema ufundi wa kutengeneza programu, katika mwaka wa tatu wa lisansi. Tangu mfumo wa LMD ulipoenezwa kwenye vyuo vikuu vya Kongo, kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, lisansi inachukua miaka mitatu, na staji ni sehemu ya mwaka huo wa mwisho kwa wanafunzi wengi wa ufundi. Chuo kinatoa barua. Kutafuta mlango wa kugonga ni kazi ya mwanafunzi.

Yeye alipeleka barua pahali sita. Nne hazikujibu. Moja ilimwambia arudi mwaka kesho. Ya sita ilimkubali kwa sharti moja: aje na mashini yake. Hakuna mshahara, hakuna pesa ya pikipiki, na mega za intaneti ni juu yake. Familia yake inakaa komini ya Bulengera. Siku nyingi alishuka mjini kwa miguu ili pesa ya motari ibaki kwa kununua mega.

Kampuni yenyewe ina watu watano ndani ya vyumba viwili, juu ya maduka. Wanatengeneza programu za kusimamia shule, maduka na depo. Majuma matatu ya kwanza, stajieri hakugusa kode. Aliingiza majina ya wanafunzi wa shule moja na minervali waliyolipa, mstari kwa mstari. Alibadilisha wino wa mashini ya kuchapisha. Alibeba nyaya wakati wenzake walipokwenda kufunga kompyuta kwa wateja. Anasema kuna siku alijiuliza kama alisoma miaka yote hiyo ili awe mbeba mizigo.

Leo anayaona majuma hayo kwa jicho lingine. Ni kwa kubeba nyaya ndipo aliingia ndani ya maduka na kuona watu wanavyotumia programu kweli: mtu anaandika kwa kidole kimoja huku wateja watatu wanamwita, kuraa inakatika katikati ya faktire, kisha anaanza upya kwenye karatasi. Darasani programu ilikuwa mtihani wa Java ulioandikwa kwa bici. Dukani ilikuwa foleni ya watu wenye haraka.

Ankadreri wake ni anjenieri mwanamke aliyemtangulia kwa miaka kama kumi. Stajieri anamwita Yaya, hata kwenye kikao cha kazi. Ni yeye aliyemfundisha Git, chombo kilichotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na ambacho leo ndicho watengenezaji wa programu karibu dunia nzima wanatumia kuhifadhi kila hatua ya kode yao. Kwenye chuo alikuwa amesikia jina tu. Hapa ilikuwa sheria: hakuna kugeuza kitu bila kuandika ni nani amegeuza, siku gani na kwa sababu gani. Mahali ambapo kuraa inaweza kukatika mara tatu kwa siku, desturi hiyo inaokoa kazi nyingi.

Sanduku halilingani

Juma la nne, depo ya dawa ilituma malalamiko. Mwenye depo alisema programu inaonyesha mama wa sanduku amepokea pesa nyingi kuliko zile alizomkabizi. Mwezi uliotangulia kulikuwa na upungufu, na mwezi huo upungufu ulizidi. Alikuwa amekwisha kuanza kukata mshahara wa mama huyo. Alichotaka kwa kampuni ni kitu kimoja: ripoti iliyochapishwa vizuri, yenye tarehe, ili awe na ushuhuda siku ya kumfukuza.

Stajieri alitumwa kuchapisha ripoti hiyo, kazi ya dakika kumi.

Kule depo alimkuta mama huyo ameweka mezani kaye yake. Kila jioni, kwa miaka, ameandika humo kwa mkono: franka alizopokea, kiwango cha dola cha siku ile, dola alizopata baada ya kubadilisha, na saini ya mwenye depo alipozipokea. Mama alimwomba asome kwanza kaye kabla ya kuchapisha kitu. Hakulia wala kubishana, stajieri anasema. Alimwambia tu kwamba yeye hajui kompyuta, lakini hesabu anaijua.

Kijana alichukua siku kumi za kaye na kuzilinganisha na siku zilezile kwenye programu. Franka zililingana kila siku, bila kuacha hata moja. Dola peke yake ndizo hazikulingana. Tena kadiri siku ilivyokuwa ya zamani, ndivyo tofauti ilivyokuwa kubwa. Hapo akaanza kuwa na mashaka. Mtu anayeiba, alijiambia, hawezi kuiba kwa mpango wa namna hiyo.

Hesabu yenyewe

Ili msomaji aelewe, tuchukue mfano wenye tarakimu nyepesi. Mteja analipa franka 140 000 siku ambayo dola moja ni franka 2 800. Mama anabadilisha na kumkabizi mwenye depo dola 50. Kila kitu ni sawa.

Programu ilihifadhi franka 140 000. Haikuhifadhi kiwango cha siku hiyo. Kiwango kiliandikwa pahali pamoja tu, na kila asubuhi mwenye depo alikibadilisha, kile cha jana kikafutika. Mwisho wa mwezi, ripoti ilipoombwa kwa dola, programu ilichukua franka zote za mwezi na kuzigawanya kwa kiwango cha leo. Kama leo dola imeshuka hadi franka 2 300, zile 140 000 zinageuka kuwa dola 60,87. Mama alitoa 50. Programu inadai 60,87. Dola 10,87 zimepotea bila mtu kuzigusa.

Rudisha hesabu hiyo kwa malipo yote ya mwezi, na utaelewa namna mtu anaweza kupoteza kazi.

Lakini kwa nini kosa lililokuwa ndani ya programu tangu mwanzo halikuonekana mbele? Jibu linapatikana kwenye historia ya pesa yetu. Miaka mingi franka ya Kongo ilikuwa ikishuka polepole. Katika hali hiyo kosa lilikwenda upande mwingine: malipo ya zamani yaligawanywa kwa kiwango kikubwa zaidi, na ripoti ikaonyesha mama ametoa dola nyingi kidogo kuliko zilizotarajiwa. Sanduku likizidi, hakuna tajiri anayelalamika. Halafu, katika mwaka 2025, franka ikapata nguvu ghafla mbele ya dola. Wakaaji walifurahi, wengine wakalalamika kwamba bei sokoni hazikushuka kwa mwendo uleule. Ndani ya programu, siku hiyohiyo, ziada iligeuka kuwa upungufu.

Kulikuwa pia na kosa la pili, dogo. Programu ilihifadhi pesa kama namba zenye koma za aina ambayo kompyuta inazikadiria tu. Kila mwenye kusoma fani hii anaweza kujaribu: ukiomba JavaScript ijumlishe 0,1 na 0,2, haitoi 0,3, inatoa 0,30000000000000004. Kwa malipo moja si kitu. Kwa malipo mengi, senti zinaweza kuanza kutangatanga. Ndiyo maana wajuzi wanashauri pesa zihifadhiwe kama namba kamili, ao kwa aina ya DECIMAL kwenye hifadhi za data kama MySQL.

Kusema ao kunyamaza

Stajieri alimwonyesha ankadreri wake jioni ileile. Yaya alimwambia asiseme kitu kwa mteja kabla ya kuhakikisha, akamwomba aandike kwanza jaribio: programu ndogo inayolipa franka kwa kiwango kimoja, inabadilisha kiwango, kisha inaomba ripoti. Kama ripoti ya jana inageuka, kosa lipo. Alilifanya jaribio hilo mara tano, na mara tano ripoti ya jana iligeuka.

Mkubwa wa kampuni alipoarifiwa hakukataa kosa. Aliomba lirekebishwe kimyakimya. Sababu zake zilikuwa za mtu wa biashara: programu hiyohiyo iko kwa wateja wengine wanne, na mji ni mdogo. Mteja akisikia kwamba ripoti zake za mwaka mzima zina kasoro, atasema nini kwa rafiki zake? Rekebisha, alisema, na kuanzia mwezi kesho sanduku litalingana, mambo yataisha yenyewe.

Kwa kampuni yangeisha. Kwa mama wa sanduku yasingeisha, maana upungufu wa miezi miwili ungebaki jina lake. Na kama sanduku lingeanza kulingana mara tu baada ya yeye kukatwa mshahara, mwenye depo angekuwa na haki ya kufikiri kwamba ukali wake ndio ulioponya ugonjwa.

Hapo ndipo stajieri alipojikuta katika shida ambayo hakuna kozi iliyomtayarisha kwayo. Mwisho wa staji, mkubwa huyo ndiye anayejaza fishi ya maksi. Fishi ina mistari ya kufika kwa saa, mavazi, nidhamu, heshima kwa wakubwa. Bila fishi hiyo hakuna staji, na bila staji hakuna lisansi mwaka huu. Baba yake alimshauri anyamaze amalize masomo. Mama yake aliuliza jambo moja tu: huyo mama wa depo ana watoto wangapi shuleni?

Anasema hakuwa na ushujaa wa kwenda peke yake. Alichofanya ni kuandika. Kurasa mbili: kosa ni lipi, jaribio linaonyesha nini, siku kumi za kaye kando ya siku kumi za programu, na nini kinahitajika ili kurekebisha ya zamani. Yaya alisoma, akageuza maneno mawili matatu, akaweka saini yake juu ya ile ya stajieri. Kisha yeye ndiye aliyeingia kwa mkubwa. Waliongea karibu saa moja, mlango umefungwa. Kesho yake mkubwa alikwenda depo mwenyewe, na zile kurasa mbili mkononi.

Posho mbili pamoja na kaye

Kurekebisha kode kulichukua siku tatu. Sasa kila malipo yanahifadhiwa na mambo matatu: kiasi kama mteja alivyokitoa, aina ya pesa, na kiwango cha saa ileile. Hakuna kugeuza tena ya jana kwa bei ya leo. Lile jaribio la kwanza lilibaki ndani ya programu, na linaendeshwa kila mara mtu anapogusa sehemu ya pesa.

Kazi ndefu ilikuwa ya kurudisha viwango vya zamani, kwa maana programu ilikuwa imevifuta vyote. Kaye ya mama ndiyo ilikuwa navyo. Siku mbili za posho, stajieri na mama walikaa kando kwa kando, mmoja akisoma, mwingine akiandika, wakaingiza kiwango cha kila siku ya miezi hiyo. Kabla ya kugusa data, Yaya aliondoa majina ya wagonjwa na dawa walizonunua kwenye nakala waliyotumia. Alimkumbusha stajieri kwamba Kongo ina Kode ya Numeriki tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na kwamba sheria hiyo inalinda habari za mtu binafsi. Orodha ya dawa ya mtu inaonyesha ugonjwa wake. Haipaswi kutembea ndani ya mashini ya stajieri kwenye pikipiki.

Walipomaliza, upungufu wote ulipotea isipokuwa dola tatu na kitu. Sehemu ilitokana na zile senti zinazotangatanga. Iliyobaki ilikuwa risiti moja ambayo haikuingizwa siku kuraa ilipokatika. Mwenye depo alirudisha pesa alizokata. Hakuomba radhi mbele ya wafanyakazi, lakini alimwachia mama sanduku.

Kwa wale wateja wengine wanne, mwisho haukuwa mzuri hivyo. Programu zao zilirekebishwa, lakini ni mmoja tu aliyekuwa ameandika viwango vya kila siku pahali fulani. Kwa watatu waliobaki, ripoti za dola za nyuma haziwezi kunyooshwa tena. Kama kuna aliyemshuku mfanyakazi wake wakati huo, hakuna karatasi ya kumsafisha.

Wanaotafuta staji waulize nini

Wanafunzi wengi wa informatiki Butembo, Beni, Bunia, Goma ao Bukavu watajitambua katika majuma yale matatu ya wino na nyaya. Sheria ya kazi ya Kongo, ya mwaka 2002, inazungumzia mkataba wa kujifunza kazi. Lakini staji ya mwanafunzi kwa kawaida inasimama juu ya barua ya chuo, na barua hiyo mara nyingi haisemi nani atalipa usafiri, nani atamfundisha wala atafanya nini. Kwa hiyo mambo hayo yanaulizwa kabla ya kuanza, kwa heshima na kwa maandishi.

Uliza ankadreri wako ni nani kwa jina. Kampuni ikisema wote watakusaidia, jua hakuna atakayekusaidia. Uliza kama wanahifadhi kode kwa Git ao kwa chombo kingine cha namna hiyo, kwa sababu pahali pasipo historia ya kode, stajieri ndiye wa kwanza kulaumiwa kitu kikiharibika. Uliza kama utatumika juu ya data za kweli za wateja ao juu ya nakala iliyosafishwa. Uliza kazi moja, hata ndogo, ambayo itakuwa yako tangu mwanzo hadi mwisho na ambayo utaweza kuieleza katika ripoti yako. Na ukitumwa kubeba nyaya, beba, lakini angalia watu wanafanya nini na programu yenu.

Kwa upande wa vyuo, fishi ya maksi inahitaji mstari mwingine. Ile ya kijana wetu ilirudi na 15 juu ya 20. Maksi zilijazwa kwa kufika kwa saa, kwa mavazi na kwa nidhamu. Hapakuwa na pahali pa kuandika kwamba stajieri amegundua kosa lililokuwa likila mshahara wa mtu.

Kampuni ilimwomba aendelee baada ya staji, bado bila mshahara, mpaka kazi itakapoongezeka. Alishukuru, akakataa. Sasa anaandika kazi yake ya mwisho wa lisansi juu ya programu za biashara zinazotumia pesa mbili, na Yaya amekubali kumsomea. Anatafuta kazi yenye kulipa, hata kwa siku tatu kwa juma.

Kuhusu mama wa sanduku, programu mpya inamchapishia kila jioni kiwango cha siku pamoja na jumla ya franka na ya dola. Anaikunja karatasi hiyo na kuiweka ndani ya kaye, kwenye ukurasa ambao tayari ameandika hesabu ileile kwa mkono.